Laptopu ya RAM GB 4 inatosha kuanza biti

Mdogo wangu, umeuliza kama laptopu ya RAM GB 4 na hedifoni za simu zinatosha kujifunza kutengeneza biti za singeli, au usubiri hela ya kibodi na spika za studio. Usisubiri.

Pakua toleo la majaribio la FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, kwenye tovuti yao wenyewe. Halina ukomo wa siku na linakuruhusu kutoa wimbo kama faili la sauti la MP3 au WAV. Ila ukihifadhi kazi na kuifunga, huifungui tena mpaka ununue. Kwa hiyo kabla ya kufunga, toa kila chombo peke yake kama WAV. Mimi nilipoteza biti nzima kwa kutolijua hilo, na iliniuma.

Sasa mapigo. Weka 200 BPM (mapigo 200 kwa dakika), maana singeli inakwenda hapo na zaidi. Kwa kasi hiyo pigo moja linadumu sekunde 0.3 tu, hivyo kiki (ngoma nzito ya chini) yenye mkia mrefu, yaani mlio unaobaki baada ya pigo, itaikanyaga inayofuata na besi itakuwa uji. Kata mkia kwanza, kabla hujagusa efekti yoyote. Kama mkono haufuati kasi, shusha hadi 100, panga kiki na snea (ngoma ya mlio mkali) taratibu, halafu pandisha.

Taa ya sauti kuu kwenye programu isifike nyekundu. Na kwa kuwa hedifoni za simu huficha besi, sikiliza kwenye spika ya jirani pia. Ukimaliza sekunde 30 za kwanza, niletee nisikilize.