Barafu ya jangwani inatoka wapi?

Swali: Mimi ni mtu wa Mombasa, dereva wa lori hapa Al Ain, Emirati (Falme za Kiarabu). Februari 2024 mvua ya mawe ilibonyeza boneti za magari, Aprili yakaja mafuriko. Joto lote hili, barafu inatoka wapi? Mbona maji hayazami mchangani? Wenzangu wanasema ni mvua ya kutengenezwa. Na nikikuta wadi, yaani mkondo wa mto mkavu, ina maji kidogo tu, nipite?

Jibu: Ndugu dereva, kumbuka mtungi wa nyumbani. Maji yake hupoa kwa sababu unyevu unaopenya udongo hukauka, na ukikauka huondoka na joto. Jiwe la barafu likishuka kwenye hewa kavu hufanyiwa vivyo hivyo: ngozi yake inayoyeyuka inakauka, jiwe linapoa, linafika chini likiwa bado barafu. Kwenye hewa nzito ya Mombasa lingeyeyuka haraka zaidi, na likiwa dogo lingeweza kufika tone tu.

Huko linakozaliwa, kilomita nne tano juu, ni baridi ya chini ya sifuri. Kuanzia miezi ya baridi hadi Aprili, hewa baridi kutoka kaskazini hupita juu ya Ghuba huku unyevu ukiingia kutoka Bahari ya Arabu. Hewa ya chini inapanda kama moshi wa tanuri. Kulibeba jiwe la ukubwa wa mpira wa gofu kunataka upepo wa kupanda wa karibu kilomita 100 kwa saa. Siku nyingine pasua moja: utaona matabaka kama ya kitunguu, meupe maji yalipoganda haraka yakafungia hewa ndani, maangavu yalipoganda taratibu.

Mchanga wa matuta hunywa maji vizuri sana. Ila mafuriko yanaanzia milima ya Hajar, mwamba mtupu, na kwenye tambarare za changarawe, ambako matone hushindilia vumbi laini mpaka likaziba kama plasta. Tarehe 16 Aprili 2024 Khatm Al Shakla, jirani yako hapo, ilipata milimita 254 kwa muda usiotimia saa 24. Dubai kwa kawaida haifikishi 100 kwa mwaka mzima.

Mvua ya kutengenezwa? Ni kweli Emirati hunyunyizia mawingu chumvi, lakini hiyo husukuma kidogo wingu ambalo tayari lipo. Tufani ile ya Aprili ilitabiriwa siku kadhaa kabla, na iliipiga Oman kwanza. Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa cha Emirati kilisema hakikunyunyiza wakati wa tufani.

Hiyo wadi ya "maji kidogo" ndiyo inayonitisha. Mvua huenda imenyesha milimani, mbali, wewe juu yako jua linawaka. Sentimita 60 za maji yanayokwenda kasi hubeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Lori lako lina uzito, sawa, lakini lami iliyo chini huenda imeshachukuliwa na tope halikuonyeshi. Ukiona maji yanageuka rangi ya udongo na vijiti vinaelea, rudi nyuma hapo hapo. Oman, kuvuka kwa makusudi ni kosa la kisheria. Wadi nyingi hupungua kwa saa chache; egesha palipoinuka, usubiri.