Maswali ya Picha: Hema la Bluu, Uso wa Bibi Harusi na Bango la Matanga

Programu gani ya kuhariri picha ni bora kuliko zote? (Nakuru, Kisumu, Busia, na kwingine kote)

Ile uliyojifunza kuitumia. Simuni Snapseed ni ya bure na inatosha. Kwenye kompyuta kuna GIMP, ya bure vilevile, na tangu toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 unaweza kurudi kurekebisha athari uliyokwisha kuiweka. Photoshop hulipiwa ada. Ile "ya bure" unayowekewa kibandani kwa flashi ya kuazima mara nyingi huja na wageni wake, na wageni hao hawalali sebuleni, huenda moja kwa moja kwenye nywila zako. Swali hili nimelijibu mara nyingi. Likija tena nitalipita.

Nilipiga harusi Mumias chini ya hema la bluu. Watu wamekuwa bluu hadi meno. Nikaongeza njano, wakawa kijani. Nifanyeje?

Umemwaga rangi juu ya rangi. Kwanza ondoa ile iliyoingia.

Fungua nakala, si faili yenyewe. Rudufu tabaka (layer, yaani picha iliyolazwa juu ya picha kama karatasi juu ya karatasi), ufanye kazi kwenye la juu. Katika GIMP nenda kwenye menyu ya rangi, ufungue Levels, kifaa cha kurekebisha mwanga na rangi. Utaona vidondoshi vitatu, vile vialama vya kuchagulia rangi kwenye picha. Chukua cha katikati, cha kijivu, ukibonyeze juu ya kitu ambacho unajua hakina rangi yake. Harusi zetu zimejaa vitu hivyo: kiti cheupe cha plastiki kilicho chini ya hema hilohilo, upande wake wenye kivuli kidogo. Usibonyeze pale kiti kinapong'aa hadi kimekuwa karatasi tupu, kwa sababu hapo hakuna taarifa yoyote iliyobaki. Wala usibonyeze shati la bwana harusi. Shati jeupe limefuliwa kwa bluu, au kwa sabuni yenye dawa ya kung'arisha, na lenyewe lina ubluu kabla hata ya kuingia hemani.

Nyuso za katikati zitarudi. Ila wageni waliokaa ukingoni, waliopigwa na jua la nje, sasa watakuwa wa machungwa. Ndiyo maana ulirudufu tabaka. Weka barakoa (mask) nyeupe kwenye tabaka la juu, ambayo ukiipaka nyeusi huonyesha tabaka la chini, chukua brashi laini yenye rangi nyeusi, ushushe nguvu yake hadi asilimia 30 hivi, upake taratibu juu ya wale wa ukingoni mpaka walingane na wenzao. Kazi hii haina njia ya mkato, na anayekuuzia "preseti ya hema", yaani marekebisho yaliyopangwa tayari, anakula pesa zako.

Sasa habari mbaya. Hema la bluu humeza mwanga mwekundu kabla haujafika usoni, na ngozi yetu inaishi kwa wekundu huo. Ukiuvuta kutoka kwenye JPEG, faili la kawaida la picha lililobanwa, unavuta na chembechembe. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG ina 256. Huko kuna cha kuvuta, huku ni kukwangua sufuria. Kama una JPEG pekee na nyuso zinabaki za majivu, geuza picha hizo ziwe nyeusi na nyeupe, ukitumia chaneli ya kijani (sehemu ya picha yenye mwanga wa kijani pekee), maana ile nyekundu imejaa uchafu. Na siku nyingine uliza rangi ya hema kabla ya kupokea arbuni. Likiwa la bluu, watoe maharusi nje mpate picha zenu muhimu huko. Si chini ya mwembe, tafadhali, utarudi hapa na swali la kijani.

Mteja wangu wa Nakuru anataka aonekane mweupe kidogo kwenye picha. Ni kitufe gani kinachofanya hivyo bila kuharibu?

Kitufe kipo na sitakitaja.

Muulize vizuri. Wengi wanaosema wanataka weupe wanachotaka ni mwanga. Amepigwa saa saba mchana, karibu kabisa na ikweta, jua liko utosini, macho yamegeuka mashimo. Amevaa gauni jeupe, na kamera, ambayo kazi yake ni kusawazisha kila kitu kiwe kijivu cha wastani, imeliona gauni ikapunguza mwanga wa picha nzima. Uso umebaki gizani. Halafu mpigapicha, badala ya kuutoa gizani, anaupausha.

Inua vivuli kwanza. Kisha fungua Curves, kifaa chenye mstari wa kupandisha na kushusha mwanga, pandisha katikati ya mstari kidogo, na upigilie nukta chini kabisa ili nywele na kope zibaki nyeusi. Kwa barakoa, ongeza mwanga paji la usoni na kwenye mashavu, mahali ambapo mwanga ungetua wenyewe. Usiguse machungwa na nyekundu kwa kupunguza. Hapo ndipo ngozi inapogeuka majivu. Macho na meno yaache. Meno yanayowaka humtia bibi harusi aibu kuliko yale ya kawaida.

Ukimaliza mwonyeshe picha zote mbili, iliyopaushwa na iliyopewa mwanga, pamoja. Mara nyingi mjadala huishia hapo.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za Kodak zilisawazisha rangi za picha kwa kutumia kadi ya mwanamke mzungu, "Shirley", na ngozi nyeusi ikawa inatoka jinsi itakavyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Leo una vifaa ambavyo baba zetu wa studio hawakuwa navyo, halafu unavitumia kurudia kosa lilelile kwa hiari. Nimeona albamu ambayo uso wa bibi harusi umepaushwa na mikono ikasahaulika: sura ya mtu mmoja, vidole vya mwingine, pete katikati. Na zima kile kichujio cha urembo cha simu kabla hujaanza kupiga. Simu nyingine huja kikiwa kimewashwa tayari.

Unaweza kunibadilishia gredi kwenye result slip? Ni moja tu.

Hapana. Huo si uhariri, ni kughushi, na jela ipo.

Picha pekee nzuri ya marehemu nyanya ni ya WhatsApp. Tunataka bango la mita mbili na kijitabu cha mazishi. Zile programu za AI za kung'arisha zinafaa? (Siaya)

Poleni kwa msiba.

Kijitabu kitakubali. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa hadi takriban pikseli 1,600 upande mrefu, na kwa pikseli 300 kwa inchi hizo ni kama sentimita 13 na nusu. Itakaa vizuri ndani ya ukurasa wa A5. Kwenye bango usimtandaze nyanya mita mbili. Mpe sentimita 60, nafasi iliyobaki iwe jina na miaka yake. Watu watalitazama wakiwa mbali kidogo na litapendeza. Lakini kwanza mtafute aliyepiga picha hiyo, aitume upya kama dokumenti, si kama picha. Kama ipo ya karatasi, ipelekeni kwenye skana, dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Msiipige kwa simu chini ya balbu.

AI sasa. Haimjui nyanya yenu. Inapokosa pikseli inabuni, na inabuni kutokana na nyuso za watu wengine. Nyanya wa Kijaluo wa rika lile, aliyeng'olewa meno sita ya chini kwa desturi, atarudishiwa yote sita, meupe, yamepangwa. Makunyanzi yataondoka, jicho moja litakuwa kubwa kidogo kuliko lilivyokuwa. Wajukuu watasema amependeza. Dada zake watauliza huyu ni nani. Tumieni programu hizo kwa ukuta na nguo mkipenda, uso uacheni na ukungu wake.

Heroe (flamingo) wangu wa Ziwa Nakuru hawatoki waridi kama wa kwenye mabango ya utalii. Niongeze saturesheni (ukolezi wa rangi) kiasi gani?

Hata kidogo. Heroe mchanga ni wa kijivu, na mkubwa hupata rangi kutokana na mwani anaoula. Rekebisha mwanga, ondoa ukungu wa asubuhi, ridhika. Ukipaka rangi, mtu anayewajua ndege ataona kabla hajamaliza kuifungua picha.

Kila nikihariri nahifadhi juu ya ileile. Picha imeanza kuwa na vijisanduku.

JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya. Kazi inayoendelea ihifadhi kama XCF, faili la GIMP lenyewe linalotunza tabaka, au PSD kwa wenzetu wa Photoshop. JPEG ni ya kumpa mteja, mara moja, mwishoni. Ya asili imeshapotea, hiyo siwezi kukusaidia.

Kwenye skrini picha inang'aa, ikichapishwa inatoka giza. Mwenye printa ananipunja wino? (Kisumu)

Mwenye printa hana kosa. Skrini yako iko kwenye mwanga wa juu kabisa, kwa hiyo uliitia picha giza bila kujua. Ishushe hadi karibu nusu, uache kuamini macho, tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha yenye giza kushoto na weupe kulia: kama kilima chote kimesongamana kushoto, picha ni ya giza, hata kama skrini inasema vingine. Kabla ya kulipia nakala hamsini chapisha moja, utoke nayo nje ya duka, uitazame kwenye kivuli na kwenye jua. Na picha ihifadhiwe kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida, isipokuwa mwenye printa amekuambia vinginevyo kwa kinywa chake.