Barua kwa mwanangu anayechagua kati ya vidole na vinasaba

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Huku Lamu hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini kauli yake ni ile ile. Umeniuliza kwa ufupi, nami nimekuelewa: maabara imekupa nafasi, wamekutaka uchague kabla ya mwisho wa mwezi, idara ya alama za vidole au idara ya vinasaba, yaani DNA, na unataka kujua mamako naona ipi. Ukaongeza kwamba nisikujibu kwa kukwambia “chagua roho yako inapotaka”, kwa sababu hilo halikusaidii. Haya, sitakwambia hivyo. Lakini nina maneno ya kusema kabla hatujafika kwenye idara.

Vile vitabu ulivyoniachia nimevimaliza, na kuna jambo limenikaa kichwani. Alama za vidole hazikuanza kwa kusaka wezi. Mwaka 1858, huko Bengal, ofisa wa Kiingereza William Herschel alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai apige chapa ya kiganja chake kizima nyuma ya mkataba wa vifaa vya barabara, ili kesho asije akaukana. Mwaka 1897 ikafunguliwa Calcutta ofisi ya kuhifadhi alama hizo, na utaratibu wa kuzipanga ukapewa jina la Edward Henry, mkubwa wa polisi, ilhali kazi yake kubwa waliifanya wasaidizi wake, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ambao kwa miaka mingi hawakutajwa sana. Scotland Yard, polisi wa London, wakauchukua utaratibu huo mwaka 1901. Na hapa kwetu Kenya ulikuja na kipande. Sheria ilitungwa 1915, ikashika kasi baada ya Vita vya Kwanza: mwanamume Mwafrika akifika umri wa miaka 16, lazima atembee na karatasi yenye alama za vidole vyake, na wengi waliibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Akimtoroka mwajiri, ajulikane na arudishwe. Mtu akiniambia sayansi haina upande, mimi hukumbuka kile kikopo.

Lakini nisiidhulumu. Mwaka huo huo wa 1892 ambao mwanasayansi Francis Galton alitoa kitabu chake cha alama za vidole Uingereza, kule Necochea, Argentina, watoto wawili waliuawa nyumbani kwao. Mama yao, Francisca Rojas, akamtaja jirani aitwaye Velázquez. Jirani akakamatwa, akateswa, na hakukiri. Ndipo mpelelezi mmoja aliyefundishwa na Juan Vucetich, bingwa wa alama za vidole wa huko, akaona kwenye mlango alama ya kidole gumba yenye damu iliyokauka. Akaukata ule ubao, akaenda nao kituoni, akaulinganisha. Kidole kilikuwa cha mama. Alipoonyeshwa, alikiri. Tazama hapo, mwanangu: fimbo zilishindwa kutoa ukweli, ubao wa mlango ukautoa. Nikiisoma habari hiyo moyo wangu hukubali kabisa kazi unayoiendea. Na bado nakwambia lile ninalowaambia wote: alama ni ya nani, hiyo ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni imefikaje pale.

Ya mjomba wako mkubwa mumeyasikia vipande vipande, kwa kuwa babu yenu alikataza yasitajwe mezani. Ngoja nikupe yote.

Nilikuwa msichana wa shule. Nyumba moja ya Mkomani, watu wenye uwezo, dhahabu ya arusi ilipotea kabatini: bangili, mkufu, vipuli. Mji huu unaujua. Adhuhuri haijaingia, kila baraza lilikuwa na mwizi wake. Siku ya pili wakaja maafisa kwa boti, mmoja wao ana kisanduku chenye brashi laini na unga mweusi. Sisi watoto tulijazana kwenye daka la nyumba ya pili kuchungulia. Alipaka unga kwenye mlango wa kabati, nje hakupata la maana, ulikuwa umefutwa ukang'aa. Akaufungua, akapaka ndani, karibu na bawaba ya chini, na hapo kikatokea kidole gumba kizima, safi kama kilichochorwa. Akasema kwa sauti, tukasikia sote: ndani hapa hagusi mtu ila aliyeingiza mkono kuiba.

Na seremala je?

Mjomba wako ndiye aliyeibadilisha ile bawaba. Kila aliyefanya kazi ya mbao Lamu alichukuliwa vidole, na cha kwake kikalingana. Unajua vidole vyake vilivyokuwa: msasa ulikuwa umevila, mistari imefifia, ikabidi kidole gumba kibiringishwe kwenye wino tena na tena ndipo kikatoa chapa. Kilichomfichua ni lile kovu la patasi, linalokata gumba kwa mshazari, alilolipata akijifunza nakshi kwa babu yenu. Kovu lile lilikuwa kwenye kabati na lilikuwa kwenye karatasi. Basi, usiniambie walikosea kulinganisha. Hawakukosea. Kidole kilikuwa chake kweli kweli.

Aliwaambia: nilitia bawaba kabla ya Ramadhani. Babu yenu akawaambia. Wakajibiwa kwamba hayo yatasemwa mahakamani. Mama wa nyumba ile hakuwepo, alikuwa Pate kwenye arusi ya watu wake, na mumewe mambo ya bawaba hayajui. Kwa hiyo mjomba wako akalala ndani. Na huku mtaani bibi yako, ambaye hamsemi mtu, akasimama ukumbini akitaka halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi, isomwe, tena hadharani, aliyechukua aonekane. Babu yenu akakataa. Alisema mtoto wake hatasafishwa kwa kuwatia watu wengine balaa. Wakanuniana wawili wale, na nyumba yetu ikawa haina sauti ila ya kisima.

Mama wa nyumba aliporudi kutoka Pate, alicheka kwanza, halafu akalia. Akawaambia maafisa: ni yeye aliyetia bawaba, mimi nilimlipa kwa mkono wangu. Na kabati tulilifuta nje kwa ajili ya Idi, ndani ya bawaba anafuta nani? Maneno hayo mawili yakaimaliza kesi. Mwizi hakujulikana mpaka leo. Mjomba wako alitoka na wino bado umekwama kwenye nyufa za kidole, nami ndiye niliyemshikia beseni akiusugua kwa mafuta ya taa na ndimu. Hakuna aliyekuja kumtaka radhi. Na yule bwana wa baraza la msikitini, kila mjomba wako akipita, alikuwa akiwaambia wenzake: kidole hakidanganyi. Kwa utaratibu tu, bila kumtazama. Mpaka mjomba wako akaacha kuingia nyumba za watu, akaenda Matondoni kuunda vyombo vya bahari, na ile mikono ya nakshi ikaishia kupiga misumari kwenye mbao za majahazi. Hilo silisamehi. Nimejaribu, nakwambia kweli, silisamehi.

Ndiyo maana nasema na narudia: ni ya nani, hiyo ni nusu ya swali.

Utaniambia, mama, basi vinasaba ni jibu. Nami nimewahi kudhani hivyo. Mwanasayansi Alec Jeffreys alipogundua kule Leicester, Uingereza, mwaka 1984, namna ya kumtofautisha mtu na mtu kwa DNA, kazi ya kwanza kubwa ya uvumbuzi ule katika jinai ilikuwa kumtoa mtu, haikuwa kumfunga. Wasichana wawili waliuawa karibu na Leicester, mmoja 1983, mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 akakiri kuua mmoja wao. Vinasaba vikasema muuaji ni mmoja kwa wote wawili, na si kijana huyu. Aliyekiri! Fikiria angekuwa ameishia wapi. Lakini soma mbele kidogo. Polisi waliwachukua damu na mate wanaume zaidi ya 5,000, na muuaji, Colin Pitchfork, akapenya, kwa kuwa alimtuma mwenzake wa kazini atoe damu kwa jina lake. Kilichomnasa ni yule mwenzake kuropoka kwenye baa, na aliyesikia akaenda kusema. Mwaka 1988 akahukumiwa maisha. Maabara ilithibitisha, sawa, lakini mlango ulifunguliwa na sikio la mtu.

Na usidhani vidole walishajifunza. Mwaka 2004, baada ya treni kulipuliwa Madrid, FBI, wapelelezi wa Marekani, walimkamata wakili mmoja wa Oregon, Mwislamu, wakasema alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya bomu ni yake. Wataalamu wao waliihakiki mmoja baada ya mwingine, wote wakakubali. Wahispania walikuwa na shaka tangu mwanzo, na mwishowe wao ndio waliompata mwenyewe, raia wa Algeria. Wakili yule alikaa ndani wiki mbili. Kwa mjomba wako walilinganisha sawa wakasoma vibaya. Kwa huyu hata kulinganisha walikosea, tena kila aliyehakiki alijua mwenzake ameshasema nini.

Basi je, niikatae kazi yenyewe? Siwezi. Nikifika hapo naikumbuka Shakahola, ule msitu walikozikwa wafuasi wa mhubiri waliofunga kula mpaka kufa. Khalati yako yuko Malindi, na tangu miili ilipoanza kufukuliwa Aprili 2023 alikuwa akiwaona watu nje ya mochari ya hospitali, wametoka bara na pwani, wamekuja kutolewa mate ili yalinganishwe na mifupa. Miili ilipita 400. Wengine hawakuwa na sura tena, nguo tu. Ya kwanza ilianza kukabidhiwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Khalati yako aliona mzee akipewa jeneza lenye jina, akaligusa lile jina lililoandikwa juu, akasema alhamdulillahi, na hakuwa Mwislamu. Hapo hakuna halbadiri ingeweza, wala mpelelezi wa baraza. Hapo “ni ya nani” ndilo swali lote, na vinasaba peke yake ndivyo vilivyolijibu. Naona najipinga mwenyewe. Najipinga, na nalisema.

Ulimi unaniwasha kukutajia idara. Nimeiandika hapa na kuifuta. Ukinijua vizuri utajua ni ipi, na nakuomba usinijue vizuri kiasi hicho mpaka uwe umeshasaini, kwa sababu nikisema mimi, bibi yako atasema na yeye, na khalati yako, na utakuwa umechaguliwa na sisi.

Ila kabla ya kusaini, niulizie jambo moja pale maabara, kisha unijibu. Fomu wanayojaza wanapoletewa alama kutoka nyumba iliyoibiwa, ina mahali pa kuandika wote wanaokigusa kitu kile kwa haki, wenye nyumba, mtumishi, fundi, na vidole vyao vikachukuliwa ili viondolewe kwanza? Ni nani anayeijaza, afisa aliyekwenda nyumbani au nyinyi wa mezani? Na mtu wa pili anayehakiki, anaambiwa jibu la wa kwanza au haambiwi? Waulize idara zote mbili, uandike majina ya waliokujibu na waliokwepa.

Mjomba wako anakusalimu. Hajui unachokwenda kufanya, mwambie mwenyewe ukija Idi.

Mamako