Muulize Mwalimu: Tope la Nyando na Kijiko cha Chumvi

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nalima mpunga upande wa chini wa Ahero. Binti yangu amesoma kwenye jiografia kwamba vipo vinamasi vya bahari vinavyojiinua kwa tope la maji kujaa na kupwa. Ananiuliza kama mafunjo yetu ya mdomo wa Nyando ni vivyo hivyo. Nimekosa la kumwambia.
Mama Mkulima, Ahero

JIBU: Sijambo, mama. Anzia shambani. Nyando ikivunja kingo, waliolima kando ya mto huachiwa mchanga. Nyinyi wa mbali mnapata tope laini linalopasuka likikauka. Maji yakishatapakaa hupoteza kasi, na kizito hutangulia kuanguka.

Kinamasi cha bahari kina mafuriko kama hayo, ila kwingi huja mara mbili kwa siku. Maji hupanda kwa vijito, yakafunika nyasi, mashina yakayapunguzia mwendo. Mchanga hubaki ukingoni mwa kijito. Tope jembamba huingia ndani na kutua maji yakisimama kabla ya kupwa. Palipo chini hufunikwa mara nyingi, pakainuka haraka. Palipokwisha kuinuka hufikiwa na bamvua tu, yaani maji kujaa yaliyo makubwa zaidi, basi pakapanda polepole. (Binti asivitafute vinamasi hivi Mombasa, kule mikoko ndiyo iliyoshika nafasi. Vimeenea Uingereza, na Georgia huko Marekani.)

Tofauti ya maji ya chumvi na maji baridi nilikuwa nikiionyesha darasani kwa chupa mbili za jamu. Tia udongo wenu mweusi, jaza maji, tikisa. Moja itie kijiko cha chumvi. Hiyo hutakata mapema, maana chumvi huzifanya chembe za mfinyanzi zishikane, zikazama. Nyingine kesho yake bado ni chai ya maziwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kutia sukari. Haikusaidia kitu, ila sisimizi walifurahi.

Ziwa letu la Victoria, inakoishia Nyando, ni maji baridi, wala halijai na kupwa kama bahari. Mfinyanzi wa Nyando haushikani upesi, unahitaji muda tu, na muda huo hutolewa na mafunjo. Yakifyekwa na kuchomwa, tope linapita moja kwa moja hadi Ghuba ya Winam. Tena mafunjo mengine huelea: ziwa likipanda, nayo yanapanda. Nyasi za kinamasi cha bahari hazina bahati hiyo. Bahari ikipanda, sharti zijengewe sakafu kwa tope.

Binti ajaribu chupa zake nje. Na mfuniko aukaze, tope la Ahero halitoki kwenye pazia.