Njano ya mataa iwake sekunde ngapi?

SWALI: Kwenye makutano yetu mwendo ni kilomita 50 kwa saa, njano huwaka sekunde 2. Mbona magari yanagongana ubavuni?

JIBU: Njano hiyo ni fupi mno, ndugu msomaji. Gari husogea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 1 kutambua njano, kisha akafunga breki kwa kawaida, husimama baada ya mita 46 hivi. Sekunde 2 humfikisha mita 28 tu. Aliye mita 35 kutoka mstari wa kusimamia hawezi kusimama kwa utulivu wala kuufikia kabla ya nyekundu, hivyo huingia wakati wa ubavuni wanaanza kupita. Wekeni njano ya sekunde 3.5. Halafu pande zote zibaki nyekundu kwa muda, ili gari lililokwisha kuingia limalize kutoka: kuvuka makutano ya mita 24, ukijumlisha urefu wa gari wa mita 6, huchukua sekunde 2.2. Malori yakiwa mengi, ongezeni.