Jibu: Ninunue nyumba ya wapangaji Mbagala au nijenge Chanika?

Mkuu habari. Kwa nilivyokuelewa una milioni 30, dalali kakuonyesha nyumba ya vyumba sita Mbagala ina wapangaji tayari, na una kiwanja chako Chanika, hujui uanze na kipi.

Kabla ya bei anza na karatasi. Muulize muuzaji ana hati, leseni ya makazi au ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, kama ana hati au leseni nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukahakiki jina, usimtume dalali. Kama ni ya urithi hakikisha anayeuza ndo msimamizi wa mirathi, kama ana mke mke asaini. Mi nililipa kwa kuamini maneno, akatokea mdogo wake muuzaji anadai na yeye mrithi, nimezunguka na hiyo kesi miezi tisa, roho inauma mpaka leo.

Halafu ongea na wapangaji bila muuzaji, uliza kodi yao inaisha lini maana anaweza kuwa kashachukua ya miezi sita mbele, ukinunua unakaa nao bure. Angalia mita ya umeme ya LUKU ni moja au kila chumba na yake, bili ya maji inadaiwa shingapi, na nenda siku ya mvua uone maji yanapita wapi.

Hesabu: vyumba sita kwa kodi ya 50,000 kwa mwezi ni 3,600,000 kwa mwaka, hela yako inarudi baada ya miaka 8 na zaidi, hapo hujarekebisha hata choo. Ningekuwa wewe ningeanza vyumba viwili Chanika. Apatimenti sijawahi kufanya, naongelea vyumba tu.