"Tengeneza mfano wa darasa la ndani": mbona wanafunzi hawaelewi?

Msomaji mmoja anayefundisha vijana Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa Kiswahili kaniuliza hivi: "Mwalimu, nikiandika ubaoni 'tengeneza mfano wa darasa la ndani' wananikodolea macho tu. Juzi mmoja kaniandikia klasi mbili kamili, moja ndani ya nyingine, halafu basi, kaishia hapo. Nakosea wapi?"

Huyo kijana hajakosea hata kidogo, ulimwambia atengeneze mfano na yeye kakuletea mfano. Mfano kwa Kiswahili ni kitu cha kuonyeshea, ndo maana tunasema "kwa mfano" kutwa nzima, sasa wewe ulitaka kile kitu chenyewe kinachokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta programu ikianza kukimbia, na hicho mimi nakiita obujekti, ukipenda sema kitu, ila "kitu" kwenye sentensi ndefu kinapotea upesi manake kila kitu ni kitu.

Darasa nalo, yaani class ya Java, ile ramani ya kuundia obujekti, lina wenyewe, wanakaa humo na madaftari. Ngeli wameshaichukua walimu wa sarufi, tabaka ni la matajiri na makabwela, kwa hiyo tubaki na klasi tu, haigombani na mtu. Na "tengeneza" mtaani ni pamoja na kukarabati, redio ikifa unaipeleka ikatengenezwe, mwanafunzi anaweza kudhani kuna obujekti imeharibika mahali. Sema "unda". Mafundi wa pwani wanaunda jahazi, mbao zilikuwepo ila chombo hakikuwepo, na hapa ni vilevile, klasi ipo ila obujekti bado.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Hata ukibadili maneno yote hayo sentensi yako bado ina pengo, haisemi ya nani. Chukua klasi Nyumba, ndani yake weka klasi Chumba. Kijana wangu mmoja hapa nyumbani alikuwa nje kabisa ya klasi Nyumba akaandika:

new Nyumba.Chumba()

Kompyuta ikamkatalia, ikadai obujekti ya kuizunguka hiyo Nyumba.Chumba. Akaniita, "Mjomba, hii inataka nini?" Nikamwambia inauliza chumba cha nyumba ipi, manake hapo umetaja ramani tu, nyumba yenyewe hujajenga, utaingiaje chumbani? Akarekebisha:

Nyumba n = new Nyumba();
Nyumba.Chumba c = n.new Chumba();

Ikakubali. Angalia hiyo nukta kabla ya new (new ndo "unda" ya Java), ndo "cha" yetu ile ya "chumba cha nyumba", tofauti ni kwamba sisi tunataja kinachomilikiwa kwanza halafu mwenyewe, Java inaanza na mwenyewe. Hata faili linalozaliwa ukishakompaili, yaani ukishaigeuza programu iwe ya kukimbizwa, linaitwa Nyumba$Chumba.class, mwenyewe mbele. Wanafunzi wengi wanagonga mwamba hapo kwa sababu wanafikiri kwa mpangilio wa Kiswahili, waambie mapema kwamba wasome kutoka nyuma.

Halafu watakuuliza mbona kwenye metodi ya kawaida (kipande cha maagizo chenye jina lake) ndani ya Nyumba wanaandika new Chumba() peke yake na inakubali. Kwani wewe ukiwa kwako si unasema tu "nenda chumbani"? Hamna anayekuuliza cha nyumba ipi, inaeleweka ni hii tuliyomo. Ila main tuliyoizoea, ile metodi ya static inayoanzisha programu, haiko hivyo, hata ikiwa imeandikwa ndani ya Nyumba yenyewe, manake static ni ya klasi yenyewe, si ya obujekti, haina nyumba inayoweza kuiita "hii", so humo lazima utaje.

Kuna nyingine ndogo hapa. "Klasi ya ndani" na "klasi iliyo ndani" si mamoja. Chumba cha ndani ni aina ya chumba, hakipo bila nyumba, lakini kitu kilicho ndani kinaweza kuwa kimewekwa tu humo. Java ina hiyo tofauti tangu toleo la 1.1 la mwaka 1997: klasi ukiiwekea static inakaa ndani ya nyingine lakini haimtegemei mwenye nyumba, unaandika new Nyumba.Banda() na mambo yanaenda. Hiyo iite "klasi iliyo ndani", ile inayodai mwenyewe iite "klasi ya ndani". Mimi sijaona njia rahisi zaidi ya kuzitenganisha kwa maneno yetu wenyewe.

Kwa hiyo ubaoni andika: "Unda obujekti ya klasi ya ndani kupitia obujekti ya klasi ya nje." Ndefu, najua. Hiyo "kupitia" usiikate hata ubao ukijaa, ndo inayobeba nukta.

Na kabla hujauliza: obujekti hii, obujekti hizi. "Maobujekti" nimeshayasikia, mimi siyaandiki.